Kuset polaraizesheni kwenye faiba kwa padeli tatu

Juzi nilikuwa na dogo mmoja wa chuo hapa Kirumba, Mwanza, anatengeneza sensa ya mtetemo kwa faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga). Namba zake zinapanda zinashuka zenyewe, hata meza haijaguswa. Faiba ya kawaida ya singo modi (yenye njia moja tu ya mwanga) haitunzi polaraizesheni, yaani mwelekeo ambao wimbi la mwanga linatikisika, ikipindwa kidogo au ikipata joto mwanga unatoka umegeuka. Tunauweka sawa kwa padeli, vibao vitatu vinavyogeuka, faiba imezungushwa ndani yake.

Hatua 1. Unganisha leza, padeli, faiba ya sensa, polaraiza (kichujio kinachopitisha mwelekeo mmoja tu wa mwanga), pawa mita (kipima nguvu ya mwanga). Safisha konekta. LED usilete, mwanga wake hauna mwelekeo mmoja, na padeli inageuza polaraizesheni iliyopo, haitengenezi.

Hatua 2. Zungusha faiba. Kwa leza ya nanomita 1550 na padeli za kipenyo cha milimita 56 mimi napiga mizunguko 3, 7, 3, za pembeni zinachelewesha upande mmoja wa mwanga karibu robo ya wimbi na ya kati nusu ya wimbi. Tumia faiba ya koti (ganda la nje) la maikromita 900, ile pachikodi (kebo ya kuunganishia) nene ya milimita 3 achana nayo kabisa.

Hatua 3. Bandika faiba. Hapa nilishawahi kupoteza siku nzima, kwa hiyo soma taratibu. Padeli inafanya kazi kwa kuisokota faiba iliyo kati yake na jirani yake, sasa kama hujaibandika pale inapoingia na inapotoka inateleza tu, utageuza padeli mpaka mkono uume. Halafu kipande cha kutoka padeli ya mwisho hadi polaraiza nacho kilaze mezani, selotepu kila baada ya sentimita chache, ila kile kipande chenyewe cha kusikia mtetemo kiache bila selotepu. Mimi changu kilikuwa kinaning'inia ukingoni, asubuhi kila kitu safi, mchana upepo wa ziwa ukianza kuingia dirishani namba zinatembea, nikalaumu leza, nikabadilisha konekta, nikazima friji ya jirani (aliniangalia vibaya), kumbe ni upepo! Ila usikandamize kwa klipu, kubana nako kunageuza polaraizesheni.

Hatua 4. Geuza padeli moja moja, rudia rudia, tafuta namba ya chini kabisa kwenye pawa mita kwanza. Kileleni ni bapa, huwezi kujua umefika. Ukiipata chini, geuza ya kati kama digrii 45 upate juu, kisha rudi mpaka desibeli 3 chini ya kilele, yaani nusu ya nguvu. Hapo katikati ndipo mteremko ni mkali, mtetemo mdogo unaonekana.

Padeli za mota sizipendi, za mkono zinatosha. Dogo alipiga meza kidole kimoja, mita ikaruka. Kesho yake akarudia hatua ya 4 tena, maana usiku joto lilishuka.