Mkienda London kifamilia wikiendi ya kiangazi

Mkiwa kundi la bibi, mashemeji na watoto wa rika zote, msipange kuona jiji zima. Chagueni eneo moja kwa siku. Mimi napendekeza South Kensington: Makumbusho ya Historia ya Asili na ya Sayansi yanapakana, na kuingia ni bure. Wekeni tu nafasi mapema mtandaoni, maana foleni ya Jumamosi juani inawachosha wazee kabla hata hawajaona kitu.

Kwenye treni za chini ya ardhi, kila mtu mzima aguse mashine kwa kadi yake mwenyewe. Kadi moja haiwalipii wawili, na hapo ndipo makundi mengi hukwama getini huku watu wakisukumana nyuma. Watoto walio chini ya miaka 11 hawalipi. Mtu mzima mmoja anaruhusiwa kupita na hadi wanne, basi wagawaneni mapema, na mpite geti pana.

Siku za joto kali epukeni njia za Central na Bakerloo, ndani ni tanuri. Treni za District na Circle zina viyoyozi. Na kwa kuwa wikiendi baadhi ya njia hufungwa kwa matengenezo, angalieni Ijumaa usiku.

Chakula bebeni: chapati, maandazi, maji. Hyde Park iko jirani, na mwezi Julai jua huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbizana.