Jinsi ya kupeleka maoni bungeni kuhusu kanuni za droni na sheria za anga na ulinzi (Kenya)

Anayerusha droni kwa kazi hapa Kenya, awe mpimaji ardhi, mkulima wa chai au mpiga picha za harusi, anajua kwamba chombo chake kinasimamiwa kama ndege na kuangaliwa kama suala la usalama. Usajili na leseni hutoka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), iliyo upande wa uchukuzi, ila maombi hupita pia mbele ya vyombo vya usalama. Wanaounda setilaiti ndogo wako papo hapo: Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoanzishwa 2017, liko chini ya Wizara ya Ulinzi. Kwa hivyo kila kinachoandikwa na wizara hizi mbili kinagusa riziki za watu ambao hawajawahi kuvaa sare, na watu hao wana haki ya kusikizwa kabla wino haujakauka.

Haki hiyo ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni za kwanza za droni, za 2017, zilifutwa na Bunge la Kitaifa mwaka 2018. Zilizopo sasa ni za 2020. Lakini angalia kilichotokea katikati: kwa muda wote huo mwenye kampuni ya kupiga ramani hakuwa na kanuni ya kuombea kibali. Bunge lilifuta, na kazi ikasimama. Ndiyo maana nasisitiza katika mwongozo huu kwamba usipeleke maoni ya kupinga tu. Peleka maneno unayotaka yaandikwe.

Tambua kwanza ni karatasi gani iliyo mezani

Ukikosea hapa, kila kinachofuata ni bure, kwa sababu kila karatasi ina mlango wake na muda wake.

Kama ni mswada, una nafasi nzuri zaidi. Baada ya kusomwa mara ya kwanza hupelekwa kwa kamati ya idara husika, na kamati inalazimika kuchukua maoni ya umma. Mswada unaweza kubadilishwa kifungu kwa kifungu. Mambo ya KCAA kwa kawaida huenda kwa kamati ya uchukuzi. Yanayohusu jeshi na anga za juu huenda kwa Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Uhusiano wa Kigeni. Ikiwa jambo lako liko mpakani, kama droni zilivyo, andika majina ya kamati zote mbili juu ya barua.

Kama ni kanuni, yaani zile zinazotungwa na waziri chini ya sheria iliyopo, mambo ni mengine kabisa. Sheria ya Kanuni na Hati za Kisheria ya 2013 inamtaka waziri ashauriane na watakaoathirika kabla ya kuzichapisha. Zikishatoka katika Gazeti Rasmi, lazima ziwasilishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao, la sivyo zinakufa. Kisha Kamati ya Sheria Mbadala ina siku 28 kuzichunguza. Zingatia hili: kamati isipotoa ripoti ndani ya muda huo, na Bunge lisipouongeza, kanuni huhesabiwa kuwa zimetimiza masharti yote. Kimya chao ni kibali. Na hata wakizichunguza, wabunge hawawezi kuziandika upya. Wanaweza kuzifuta zote au sehemu yake, basi. Anayetaka neno libadilishwe, nambari ipunguzwe au ada ishushwe, lazima aingie wakati rasimu bado iko wizarani.

Kama ni mkataba na nchi nyingine, njia ni ya Sheria ya Kutunga na Kuidhinisha Mikataba ya 2012. Mkataba wa ulinzi kati ya Kenya na Uingereza uliotiwa saini 2021 ulipitia Bunge la Kitaifa kwa njia hii. Hapa huwezi kuomba sentensi ibadilishwe, maana imeshakubaliwa na pande mbili. Unachoweza kuomba ni mkataba ukataliwe, au uidhinishwe kwa masharti. Wakazi wa Ngomeni, Kilifi, walio jirani na kituo cha Waitaliano kilichojengwa miaka ya 1960 kwa kurushia roketi, na kinachoendeshwa kwa mkataba na Kenya, wanafaa kuijua njia hii vizuri kuliko mtu yeyote.

Pata nakala, na upate muhuri

Hapa ndipo mimi nilipoumia, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Ili uandike maoni yenye uzito unahitaji hati mbili: rasimu yenyewe, na taarifa ya athari inayoeleza kanuni hiyo itamgharimu nani na kiasi gani. Ya kwanza hupatikana kwenye tovuti. Ya pili mara nyingi haiwekwi popote, na ndiyo yenye nyama, kwa sababu humo utaona kama kuna aliyewafikiria wenye vyombo viwili vitatu au walifikiria kampuni kubwa peke yake.

Niliandika kuiomba kwa taasisi moja ya serikali chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Nikaipeleka kwa mkono. Dada wa mapokezi aliipokea vizuri, akaiweka kwenye trei ya plastiki iliyokuwa imejaa bahasha nyingine za kaki, akaniambia itafika. Nilipoomba nakala yangu ipigwe muhuri akasema muhuri uko kwa mkubwa na mkubwa ametoka. Siku 21 za kisheria zilipopita nikarudi. Hakukuwa na barua yoyote kwa jina langu. Sikuwa na kitu cha kuonyesha, ikabidi niandike upya na siku zianze kuhesabiwa upya, na jibu lilipokuja muda wa kutoa maoni ulikuwa umefungwa. Kundi zima la wapimaji waliokuwa wakiitegemea hati hiyo liliachwa nje ya meza.

Basi fanya hivi. Chapisha nakala mbili. Juu kabisa andika kwa herufi kubwa kwamba ni ombi la habari chini ya sheria hiyo ya 2016, na ulielekeze kwa mkuu wa taasisi, ambaye ndiye afisa wa habari kisheria. Kiswahili kinaruhusiwa. Usiondoke bila muhuri wa tarehe kwenye nakala yako, hata ikibidi ukae kwenye benchi mpaka mwenye muhuri arudi kutoka chakula cha mchana. Wasipokuwa na muhuri, nenda na kitabu chako cha kupokelea barua na aliyepokea aandike jina, saa na sahihi. Kisha siku hiyohiyo tuma ombi lilelile kwa baruapepe ili uwe na ushahidi wa pili. Kuomba hakuna ada. Unaweza kulipishwa gharama ya kunakili peke yake.

Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kujiongezea 14 mara moja. Katika sekta hii jibu utakalolisikia sana ni "usalama wa taifa", na ni kweli sheria inawapa kinga hiyo. Kwa hivyo usiombe "taarifa zote kuhusu droni". Omba vitu ambavyo havina siri ndani yake: taarifa ya athari, orodha ya waliohojiwa wakati wa mashauriano, na hesabu zilizotumika kupanga ada. Hakuna adui anayenufaika na hesabu za ada. Wakikataa, una siku 30 kwenda kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na nakuhimiza uende, kwa sababu barua ya Ombudsman husogeza mafaili ambayo yako haikuyasogeza.

Kuna njia nyingine ambayo wachache huitumia. Kanuni zikishafika bungeni huambatana na maelezo ya waziri, na ndani yake anatakiwa aeleze alishauriana na nani. Waombe Bunge karatasi hiyo. Nimeona watu wakipata huko walichonyimwa wizarani.

Kuandika memoranda (maoni ya maandishi)

Tangazo la kuomba maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, na muda wanaotoa mara nyingi ni siku chache tu. Usisubiri tangazo ndipo uanze kuandika. Maoni ya Bunge la Kitaifa yaelekeze kwa Karani, S.L.P. 41842-00100, Nairobi, au cna@parliament.go.ke, au uyapeleke Majengo ya Bunge kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho. Jina la mswada au kanuni liwe kwenye kichwa cha baruapepe, la sivyo itapotea kati ya mamia ya nyingine.

Ndani, achana na historia ndefu. Chora jedwali la safu nne: nambari ya kifungu, kinavyosema sasa, unavyotaka kisomeke, na sababu. Makarani wa kamati hutengeneza jedwali kama hilo wenyewe wakiandaa ripoti, na ukiwaletea tayari, maneno yako yanaingia yalivyo badala ya kufupishwa na mtu ambaye hajawahi kushika rimoti.

Mfano, tuseme rasimu ya kurekebisha kanuni bado iko wizarani. Kanuni za 2020 zinazuia kurusha droni ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege na kilomita 7 kutoka vidogo, bila idhini. Ukiandika "umbali huu unatuonea", hakuna kitakachobadilika. Andika hivi: chombo chepesi kinachorushwa chini ya mita 30, mchana, juu ya shamba la mwenye chombo, kiruhusiwe ndani ya umbali huo baada ya kuwaarifu waongozaji ndege kwa maandishi, na wapewe saa 48 za kukataa. Katika safu ya sababu taja shamba halisi, ekari zake, na gharama ya kulipima kwa miguu.

Na usishindane na jeshi juu ya usalama. Mkulima wa Nanyuki aliye karibu na kambi ya wanahewa ya Laikipia akiomba eneo la kambi lifunguliwe, kamati itamfunga mdomo mapema na haki itakuwa upande wao. Akiomba utaratibu wa wazi wa kupata idhini, wenye siku zinazohesabika na jibu la maandishi, ameomba kitu ambacho hata mwanajeshi anaweza kukiunga mkono.

Ukitaka Bunge lianzishe jambo lenyewe

Pale ambapo hakuna mswada wala kanuni mpya, na tatizo ni sheria iliyopo, tumia ombi rasmi kwa Bunge (petition), ambalo ni tofauti na lile ombi la habari. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki hiyo, na utaratibu uko kwenye sheria ya 2012 ya maombi kwa Bunge. Fomu yenyewe ni rahisi, lakini masharti yake ni makali na maombi mengi huanguka hapo.

Liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa wala kuongezewa maneno juu ya mstari. Kila ukurasa uonyeshe kichwa cha ombi. Useme ni juhudi gani ulizofanya kwa ofisi husika na walikujibu nini (hapo zile nakala zenye muhuri zinakupa tarehe za kuandika). Useme kama jambo liko mahakamani. Umalizie kwa kutaja waziwazi unachoomba Bunge lifanye. Sahihi na nambari za vitambulisho ziandikwe moja kwa moja kwenye ombi. Haziruhusiwi kubandikwa kutoka karatasi nyingine, kwa hivyo usizungushe karatasi tupu ya sahihi kwenye kaunti tatu ukitarajia kuzigundisha baadaye.

Lililo gumu zaidi kwa watu wetu ni hili: ombi halitakiwi kuambatanishwa na barua, hati ya kiapo wala karatasi nyingine yoyote. Tumezoea kwamba faili nene ndiyo yenye nguvu. Hapa unene ndio unaolirudisha. Ushahidi utie kwenye maneno ya ombi, na hati zenyewe uziweke tayari kwa siku ya kuitwa.

Karani ana siku 7 za kulikagua kabla ya kulipeleka kwa Spika. Unaweza pia kumpa mbunge aliwasilishe kwa niaba yako, naye atie sahihi yake. Tangu 2022 Bunge la Kitaifa lina Kamati ya Maombi ya Umma. Hakuna senti unayolipa katika hatua yoyote, na yeyote anayekuambia ana mtu wa ndani wa "kulisukuma" anakula pesa zako.

Siku ya kikao, na baada yake

Kamati haziketi Nairobi tu. Mwaka 2024 kamati ya ulinzi ilifika Laikipia kusikiliza wananchi kuhusu mwenendo wa wanajeshi wa Uingereza wanaofanya mazoezi huko, na watu wa kawaida walisimama wakasema. Ukiitwa, utapewa dakika chache. Usisome memoranda yote, wanayo. Chagua vifungu viwili vinavyokuumiza zaidi, sema unavyotaka visomeke, kisha ngoja maswali. Maswali ndiyo yenye faida, kwa hivyo nenda na mwenzako anayejua upande wa kiufundi. Kama kanuni inaruhusu, nenda na chombo chenyewe. Taarifu walinzi wa getini mapema ili kisizuiliwe mlangoni.

Ripoti ikishawasilishwa ukumbini, ipakue kwenye tovuti ya Bunge na utafute sehemu inayoorodhesha waliotoa maoni. Kama jina lako halimo, mwandikie Karani mara moja ukimpa tarehe ya kupokelewa kwa memoranda yako, kabla wabunge hawajaijadili. Kama ni mswada, na jina limo lakini pendekezo lako limekataliwa, soma sababu waliyotoa, kisha umtafute mbunge mmoja aliye tayari kuleta marekebisho kwenye hatua ya kamati ya Bunge zima, yaani wabunge wote wanapoupitia mswada kifungu kwa kifungu, na umpe kifungu hicho kikiwa kimeandikwa tayari.