Pilipili mbuzi na baridi ya Minnesota: ulaze kisiki au uoteshe vipando?

Tanga au Mombasa, mpilipili ulioota nyuma ya jiko huchumwa mwaka hadi mwaka na hakuna anayeuliza umri wake. Hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mpilipili huohuo unahesabiwa kuwa zao la msimu mmoja: unapandwa Mei, unakufa Oktoba. Haufi kwa uzee. Usiku mmoja wa nyuzi sifuri (zote humu ni za Selsiasi) unatosha kuyaacha majani yamelegea kama mchicha uliochemshwa. Ukiuvusha salama, mwaka wa pili unawahi kuzaa, na kwa pilipili mbuzi hilo si jambo dogo: mche wa mbegu huchukua miezi mitatu hadi minne bustanini kabla tunda halijaiva, na majira yetu ya joto hayazidi sana hapo.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuung'oa mti, kuukata ubaki kisiki na kuulaza ndani mpaka Machi. Ya pili ni kukata vipando, yaani vipande vya matawi, na kuotesha mimea michanga kutoka kwa mama yao. Kisiki kinataka ubaridi na kupuuzwa kidogo. Kipando kinataka joto, mwanga na mtu wa kukiangalia kila siku. Kwa hiyo anza na nyumba yako kabla hujafikiria mti.

Hatua ya 1: Pima joto la nyumba

Tundika kipimajoto mahali unapofikiria, kiache siku mbili tatu. Chumba cha chini ya nyumba au kibaraza kilichofungwa chenye nyuzi 10 hadi 13 ni pazuri kwa kisiki, hata kama dirisha ni dogo. Gereji isiyo na hita haifai, Januari itaganda. Kama unaishi kwenye apatimenti yenye nyuzi 22 kila kona, kisiki hakitalala: kitachipua vichipukizi virefu vya rangi hafifu, kwa sababu Desemba huku mwanga wa mchana haufiki saa 9 kwa siku, na vidukari watavila. Hapo nunua taa, uoteshe vipando.

Pilipili hoho na jalapeno usijisumbue nazo. Mbegu zake zinaota haraka na kuzaa mapema. Nguvu hii iweke kwenye pilipili mbuzi, pilipili kichaa, na ule mti mmoja ambao pilipili zake huzipati dukani.

Hatua ya 2: Vipando kwanza, mwanzoni mwa Septemba

Hata kama umeamua kulaza kisiki, kata vipando viwili vitatu vya akiba wakati mti bado una nguvu. Ukingoja usiku uwe unashuka chini ya nyuzi 10, matawi yamekwisha kudumaa na hayatoi mizizi kirahisi.

Chagua tawi la pembeni lisilo na ua, ambalo halijawa gumu kama mti wala si laini kiasi cha kupinda lenyewe. Pangusa mkasi kwa spiriti. Kata urefu wa sentimita 10 hadi 15, mkato upite chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea, kwa sababu mizizi hupenda kutokea hapo. Ondoa majani yote ya chini, acha mawili au matatu juu, na yakiwa makubwa yakate nusu ili yasipoteze maji mengi. Vitumba vya maua ng'oa vyote. Kipando kinachojaribu kuzaa hakioti mizizi.

Wengi hutumbukiza kwenye glasi ya maji, na inakubali, ila mizizi ya majini ni dhaifu, ukihamishia udongoni mingine inakatika. Mimi natumia kikopo chenye makumbi ya nazi yaliyosagwa na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za kulegeza udongo) nusu kwa nusu, vimeloa lakini ukikamua kwa ngumi hayatiririki maji. Homoni ya unga ya kuotesha mizizi inasaidia, si lazima. Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga na uufungue kila siku kidogo, vinginevyo ukungu utawahi kabla ya mizizi. Joto la chini ya kikopo liwe nyuzi 22 hadi 25.

Baada ya wiki mbili hadi nne vuta kipando taratibu. Kikikataa kutoka, kimeshika. Kihamishie kwenye chungu kidogo chini ya taa ya LED, saa 14 hadi 16 kwa siku, na kikishafikisha majani sita au saba kata ncha kitanue matawi.

Jambo moja ambalo mbegu haiwezi kukupa: kipando ni nakala ya mama yake. Mipilipili iliyopandwa jirani huchavushana, na mbegu ya pilipili mbuzi iliyokaa karibu na jalapeno inaweza kukutolea mtoto usiyemjua. Lakini nakala hurithi na maradhi. Mti wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya kijani na njano usiukate vipando, unaweza kuwa na virusi. Na ndugu yangu unayevuta sigara, nawa kwa sabuni kwanza, maana kirusi cha tumbaku huhamia kwenye pilipili kupitia vidole.

Hatua ya 3: Kung'oa na kukata kisiki

Fuatilia utabiri. Huku baridi ya kugandisha inaweza kuingia mapema Oktoba, kwa hiyo nang'oa usiku unapoanza kushuka chini ya nyuzi 7. Chuma kila kitu, hata mbichi.

Kata mti mpaka kwenye panda yake ya kwanza, pale shina linapogawanyika, uache sentimita 15 hadi 20. Unaonekana ukatili, lakini majani utakayoyabakiza yatapukutika tu, tena na wadudu wake.

Halafu kazi ninayoiona ndiyo yenyewe: mizizi. Udongo wa bustani usiingie ndani. Tumbukiza mizizi kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu, tikisa, suuza kwa bomba mpaka uione mizizi yenyewe, kisha punguza ile mirefu. Nyunyizia shina lote sabuni ya kuulia wadudu au mafuta ya mwarobaini, hasa kwenye makwapa ya matawi, mayai hujificha humo. Panda kwenye chungu cha lita 3 au 4 chenye udongo mpya wa dukani.

Hatua ya 4: Miezi ya kulala

Usimwagilie kwa kalenda. Chomeka kidole: udongo ukiwa mkavu mpaka kiungo cha pili, mpe nusu kikombe. Kwenye ubaridi huo ni kila wiki mbili tatu hivi. Mbolea hapana. Kisiki kikiwa kitupu kabisa usiogope, kwangua gome kwa ukucha. Kijani chini yake, kiko hai. Kahawia na ukavu, shuka chini ukwangue tena, huenda imekufa ncha tu.

Vipando ndivyo vinavyotaka jicho. Geuza majani. Ukiona vijiganda vyeupe vidogo vimetapakaa na jani linanata, hao ni vidukari wanaojivua ngozi. Waoshe bafuni kwa maji, nyunyizia sabuni, rudia baada ya siku chache. Utandu mwembamba kati ya majani ni utitiri, dawa ni hiyohiyo.

Hatua ya 5: Kuamsha na kutoa nje

Katikati ya Machi peleka kisiki kwenye nyuzi 20 na zaidi, chini ya taa, umwagilie vizuri. Vichipukizi vikitokea anza mbolea ya maji, nusu ya kipimo cha kwenye pakiti. Mpaka katikati ya Aprili kama kukwangua hakuonyeshi kijani popote, tupa, utumie vipando vya akiba.

Mei mwishoni, usiku ukishakaa juu ya nyuzi 12, vizoeshe nje kwa siku 7 hadi 10: saa chache kivulini kwanza, kisha jua la asubuhi, mwisho kutwa nzima. Majani yaliyolelewa chini ya taa huungua jua la siku moja. Panda ukiacha kama sentimita 45 kati ya mche na mche, na kisiki kiwekee mti wa kukishikilia, kwa sababu matawi mapya kwenye shina kuukuu hukatika kirahisi yakilemewa na pilipili.