Ndugu yenu akiuawa na polisi: jinsi ya kulinda ushahidi na kumbukumbu nchini Kenya

Kesi ya aina hii huweza kuharibika kabla hata ya maziko, na mara nyingi kwa mikono ya watu wenye nia njema. Kwa hiyo anzieni mochari. Hakikisheni jina kamili, lilivyo kwenye kitambulisho, limeandikwa kwenye kitabu cha kupokelea maiti, kwa kuwa mwili ulioletwa na polisi huweza kuandikishwa kama wa "mtu asiyejulikana". Nakilini pia namba iliyofungwa mwilini.

Mwandikieni msimamizi wa mochari kwamba familia inataka mwakilishi wakati wa upasuaji. Inafaa awe mwanapatholojia wenu, yaani daktari wa kuchunguza maiti. IMLU ya Nairobi, shirika huru la uchunguzi wa kitabibu na kisheria, imekuwa ikisaidia familia katika hili. Ombeni eksirei ipigwe kabla ya kisu kugusa mwili, maana risasi iliyobaki ndani ndiyo itakayolinganishwa na bunduki. Ikitolewa, iandikwe imekabidhiwa nani, saa ngapi. Ripoti iseme ni risasi ngapi ziliingia na ngapi zilitoka, zilitokea upande gani, kama kuna masizi ya baruti kuzunguka jeraha (dalili kwamba alipigwa kwa karibu), na kama vifundo vya mikono vina alama za pingu. Picha zianze na mwili mzima, kisha sehemu ya mwili, kisha jeraha lenyewe na rula kando yake. Picha ya jeraha peke yake haimwambii hakimu ni bega au paja.

Kwa Waislamu, na wengine wanaozika siku hiyo hiyo, uchunguzi wa nje, eksirei na picha huweza kukamilika kwa saa chache. Waelezeni wazee mapema. Kufukua baadaye kunahitaji amri ya mahakama, na masizi ya baruti hayasubiri.

Nguo msizifue, hata damu ikiwauma macho. Hospitali hukata nguo za majeruhi na kuzitupa, kwa hiyo zidaini siku hiyo hiyo. Zianikwe kivulini, bila kukung'utwa, kisha kila vazi liingie kwenye mfuko wake wa karatasi. Plastiki hufungia unyevu, ukungu huota, na chembechembe za vinasaba huharibika. Juu ya mfuko andikeni tarehe, saa, aliyeliokota na mahali. Kila linapobadilisha mikono, anayepokea atie sahihi. Pengo moja katika orodha hiyo linamtosha wakili wa mshtakiwa. Maganda ya risasi yaliyo chini yapigwe picha yalipo, msiyaokote.

Ripotini kituoni mpate namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha mwende IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Polisi wanatakiwa kisheria kuiarifu wenyewe kila kifo walichosababisha, lakini msitegemee hilo. Kupeleka malalamiko hakulipiwi. Peleka barua nakala mbili, moja igongwe muhuri irudi nanyi. Iwe na saa, mahali, namba ya gari, sare, na jina la utani la afisa kama mtaa unamjua kwa hilo.

Video ibaki kwenye simu iliyoirekodi. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa na kupoteza taarifa za saa na mahali. Itume kama hati, au inakiliwe kwa kebo. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti cha mtu anayewajibika kwa kifaa, kwa hiyo mjue ni simu ya nani. Mashahidi waandike kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja "kukumbushana", maelezo yatafanana mno na yataonekana yamefundishwa. Anayetishwa apelekwe kwa Shirika la Kulinda Mashahidi, na jina lake lisisomwe kwenye matanga.

Mauaji hayana ukomo wa muda kwa upande wa jinai. Fidia inao: kuishtaki serikali kwa madhara ya kiraia kuna miezi 12 tu, na kwanza mahakama iwape mmoja wenu kibali cha kusimamia mirathi kwa ajili ya kesi. Muda ukipita, iko njia ya ombi la kikatiba, ila mtaulizwa mlichelewa kwa nini. Kama hakuna aliyeshtakiwa, shinikizeni uchunguzi wa kifo mbele ya hakimu. Katika kesi ya mtoto Samantha Pendo wa Kisumu, aliyekufa mwaka 2017, uchunguzi huo ndio uliowawajibisha makamanda wa polisi mwaka 2019.

Kumbukumbu ziwekwe kwenye faili jingine kabisa. Hapa ndipo familia nyingi huteleza: mama anahojiwa na vyombo vya habari vitatu, anataja saa tatu tofauti, na miaka minne baadaye zote zinasomwa mahakamani. Chagueni msemaji mmoja, na nguo halisi zisipandishwe jukwaani. Lakini msitupe kitu. Wakili Willie Kimani, aliyeuawa mwaka 2016, alikuwa ameandika ujumbe kwenye karatasi ya chooni akiwa kizuizini, na kikaratasi hicho kikafika mahakamani. Nyuma ya kila picha andikeni kwa penseli nani, wapi, lini. Warekodini bibi na marafiki wa shule mapema. Nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba. Mjane na watoto waulizwe kabla ya sura ya marehemu kuchorwa ukutani, na mwenye ukuta akubali kwa maandishi.

Maandamano ya siku ya kumbukumbu yanahitaji taarifa kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) kati ya siku 3 na 14 kabla. Ni taarifa, hamuombi ruhusa. Anaweza kukataa ikiwa mkutano mwingine umeshaarifiwa saa hiyo, mahali hapo. Nakala yenye muhuri ibebwe na mtu wa mbele.