Whitby zaidi ya ufukwe: panga siku kwa maji kujaa na kupwa

Mwezi Agosti, bahari ya Whitby, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ina joto la nyuzi 14 au 15 hivi. Aliyezoea kuogelea Nyali au Nungwi ataingia mpaka magotini, atapiga ukelele, atatoka. Watoto watachimba mchanga saa moja, kisha upepo au rasharasha itawafukuza. Kwa hiyo likizo ya hapa ipange juu ya bandari, magenge na mji wenyewe, na ufukwe uuachie zile saa chache jua likijitokeza.

Cha kwanza kutafuta ni jedwali la maji. Maduka ya vifaa vya uvuvi huliuza kama kijitabu kidogo, na mtandaoni lipo bure. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hapa hupita mita 4, na kama kwetu, bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kuna mtego mmoja: vijitabu vingi huchapa saa za GMT. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba ongeza saa moja, la sivyo utafika gatini maji yakiwa bado hayajapanda. Kila siku maji hujaa kama dakika 50 nyuma ya jana.

Maji yakijaa, vua kaa. Huu ni mchezo wa watoto wa Kiingereza tangu zamani, na haugharimu sana. Wakati mzuri ni saa mbili kabla ya maji kujaa na saa mbili baada yake, pale maji yanapofunika mguu wa ukuta wa bandari. Mnahitaji mshipi uliokunjwa kwenye kibao, mfuko mdogo wa wavu wa kutia chambo, chubwi, wavu wenye mpini mrefu, na ndoo angavu ya lita 10. Ndoano haina kazi hapa. Mshipi wa dukani ukija nayo, ikate, maana humjeruhi kaa, na ikipotea majini humnasa shakwe.

Wenyeji wengi hutumia vipande vya nyama ya nguruwe. Asiyeigusa aombe kwa muuza samaki vichwa na mabaki. Harufu yake huenda mbali, na ndani ya mfuko hayamomonyoki. Teremsha mpaka mshipi ulegee: hapo chubwi imegusa chini. Acha dakika mbili tatu, kisha vuta polepole, bila kusita. Mtoto atashtua mshipi kwa furaha na kaa ataanguka, kila mara. Sababu ni kwamba kaa hakunaswa popote. Ameshikilia chakula kwa gando lake tu, na akihisi mtikisiko au hewa huachia. Mtu wa pili aingize wavu chini yake kabla hajatoka majini.

Ndani ya ndoo tieni maji ya bahari, mawe mawili na mwani, muiweke kivulini. Kaa wasizidi 10, na maji myabadilishe kila dakika kumi hivi. Wakisongamana, hewa ya majini huisha upesi na madume huanza kung'oana miguu. Kumshika, mbane kwa nyuma ya magando, kidole gumba upande mmoja wa gamba na cha shahada upande wa pili. Mkimaliza, washusheni hadi usawa wa maji, msiwarushe kutoka juu. Sehemu nyingi za ukuta hazina kizuizi, kwa hiyo mtoto mdogo avae jaketi la kuokolea maisha na aketi chini.

Saa hizohizo za maji kujaa, daraja la katikati ya mji hugeuka kupisha mashua, likihitajika, kwenye saa kamili na nusu saa. Ukiwa na miadi ng'ambo ya mto Esk, vuka mapema.

Maji yakitoka, tafuteni jeti. Si ndege. Ni kito cheusi kilichotokana na magogo yaliyozama matopeni miaka milioni 180 hivi iliyopita, na kiliuzwa sana baada ya mume wa Malkia Victoria kufariki mwaka 1861, Malkia akivaa nyeusi za matanga. Vipande vidogo huletwa na mawimbi, hasa baada ya dhoruba. Taabu ni kwamba makaa ya mawe na vioo vyeusi vipo tele. Kwanza kipime mkononi: jeti ni nyepesi kuliko ulivyotarajia na haina ubaridi, ilhali kioo ni kizito na baridi. Kisha kisugue kwenye upande usiong'aa wa kigae cha bafuni. Makaa huacha mstari mweusi, jeti huacha wa kahawia. Kahawia ikitokea, tia mfukoni.

Msichimbe genge lenyewe wala kukaa chini yake. Mwamba huu ni laini na hubomoka bila kuonya, hasa baada ya mvua. Anzeni kutembea maji yakiwa yanatoka, mgeuke kabla hayajaanza kurudi. Sehemu nyingi kati ya Whitby na ghuba jirani ya Saltwick hazina njia ya kupanda, na kila mwaka kuna watu wa kuokolewa kwa kosa hili tu.

Kwenye mawe hayohayo mtaona visukuku vya amonaiti, viumbe wa kale wa baharini wenye gamba, vimejikunja kama nyoka aliyelala. Hadithi ya mji husema Mtakatifu Hilda, aliyeanzisha abasia, yaani nyumba ya watawa, mwaka 657, aliwageuza nyoka kuwa mawe. Magofu ya abasia yako juu ya genge, mwisho wa ngazi 199. Hesabuni mkipanda, watoto hawatakubaliana, na hilo huwafikisha juu bila manung'uniko. Mabenchi ya njiani yaliwekwa kwa ajili ya kupumzishia majeneza. Kigari cha mtoto hakifai hapo: zungukeni kwa gari hadi maegesho ya juu. Tiketi ya abasia huwa nafuu ukiinunua mtandaoni mapema.

Mvua ikishika kweli, nendeni makumbusho ya Pannett Park. Kuna mifupa ya mijusi wa baharini, na nakala ya chombo cha kutabiri dhoruba kilichobuniwa na George Merryweather na kuonyeshwa London mwaka 1851: chupa 12, kila moja na ruba. Dhoruba ikikaribia ruba hupanda na kugonga kengele. Nyumba ya Grape Lane alikojifunzia ubaharia James Cook, mvumbuzi wa baharini, kuanzia 1746 nayo ni nzuri, ila hufungwa majira ya baridi.

Chakula ni samaki na chipsi, na hapa ulizeni kabla ya kulipa. Hapa Yorkshire, jimbo lenye mji huu, wengi hukaangia mafuta ya ng'ombe, si ya mimea, na chipsi huingia humohumo, hata kama samaki ni halali yako. Maduka machache yana kikaango cha mafuta ya mimea. Mwambie muuzaji wazi. Kuleni ndani au migongo ikiwa ukutani, kwa sababu shakwe hushuka kutoka nyuma na kuondoka na samaki mzima. Heringi wa kukaushwa kwa moshi, wanaouzwa Henrietta Street, chukueni nyumbani: watie kwenye jagi refu mikia juu, mimina maji yanayochemka, funika dakika 5 au 6. Nyumba haitanuka kama ukikaanga.

Siku yenye anga safi, fuateni njia ya reli ya zamani, iliyofungwa 1965, hadi Robin Hood's Bay. Ni kilomita 9 hivi, mteremko wake ni mdogo, na baiskeli hupita. Mwanzoni mtavuka daraja la Larpool lenye matao 13. Njia ya juu ya magenge inapendeza zaidi, lakini ni ya kupanda na kushuka, na ikilowa matope hushika viatu. Itengeeni saa tatu. Kurudi pandeni basi X93, na angalieni saa ya basi la mwisho kabla ya kuondoka Whitby.