Ukishuka Fungu Mbaraka, shuka hivi

Wavuvi wa mshipi ninaowapeleka kwenye kisiwa hicho hawaishi kuniuliza: "Nahodha, hatushuki?" Hatushuki. Nguru na jodari wako majini, nchi kavu mnafuata nini? Ila kama mmekuja kuhesabu ndege na ruhusa mnayo, haya, sikilizeni.

Kazi inaanzia bandarini. Magunia ya mchele, makasha, kamba zilizoviringwa, vyote vikung'uteni. Fungu hili liko zaidi ya kilomita 60 mashariki ya Dar es Salaam, ni jiwe tambarare la matumbawe lisilo na mti, na mayai yametapakaa chini. Panya jike mmoja mwenye mimba anatosha kuleta msiba.

Kusi ikivuma, msijaribu. Ngojeni tangambili, kile kipindi kati ya kusi na kaskazi. Hakuna ghuba ya kujificha, kwa hiyo mtu mmoja abaki chomboni, na nanga iangukie mchangani, si juu ya matumbawe.

Sasa saa ya kushuka, na hapa sina mzaha: alfajiri, au alasiri jua likishapoa. Yule ndege mkubwa mweupe mwenye uso mweusi hajengi tundu. Hutaga juu ya ardhi tupu, kwa kawaida mayai mawili, na huyaatamia kwa nyayo zake, zile zenye utando katikati ya vidole. Mchana anayakinga na jua. Mkimwinua saa sita, yai linapikika hapo hapo. (Mkikuta kinda mmoja pekee, msijilaumu: mkubwa humtoa mdogo wake, akafa. Ndivyo walivyo.)

Piteni ukingoni, mmoja nyuma ya mwenzake. Ndege akisimama na kunyoosha shingo, mmeshamkaribia mno. Rudini nyuma polepole kabla hajaruka. Buabua nao wakiinuka, wanainuka wote kwa mpigo. Anayetaka kuwatimua apate picha, atafute nahodha mwingine.

Mkilala huko, msiwashe moto wala tochi nyeupe. Kasa anayepanda kutaga akiona mwanga hugeuka akarudi baharini, na vitoto vinavyoanguliwa hufuata taa vikidhani ndiko kwenye maji. Mkikutana naye bado anachimba, laleni kifudifudi, kimya, mpaka aanze kutaga.

Asubuhi hesabuni nyayo zake. Kila njia mkishaiandika, ikateni kwa mstari wa mguu mchangani, ili kesho isihesabiwe tena.