Ndege ya kuunganisha: wewe unapita uhamiaji wapi, na begi lako linapita forodha wapi

Habari zenu ndugu zangu. Somo hili ni la wanaosafiri kwa ndege mbili au tatu mpaka kufika, na wanajiuliza: nikitua katikati ya safari, nagongewa muhuri? Begi nalifuata, au linakwenda lenyewe? Maswali haya huwapa watu presha uwanjani, ilhali majibu yake unaweza kuyapata kabla hujalipia tiketi.

Shikeni hili kwanza. Uhamiaji unamhusu mtu, forodha inahusu mzigo. Ni idara mbili tofauti, na si lazima ukutane nazo kwenye uwanja mmoja. Unaweza kupita uhamiaji Frankfurt, na begi lako likapita forodha Madrid.

Hatua ya 1: Tiketi ni moja au ni mbili?

Tiketi moja maana yake ni bukingi moja inayobeba safari nzima, hata kama mashirika ya ndege ni mawili. Hapo begi kwa kawaida huandikishwa hadi mwisho wa safari, na ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, ni kazi yao kukutafutia nyingine.

Tiketi mbili ulizonunua mbalimbali kwa kufuata unafuu ni habari nyingine kabisa. Shirika la pili halina habari na ndege yako ya kwanza. Mara nyingi itabidi uingie nchini, uchukue begi, upande tena kaunta za kuondokea na kuandikisha mzigo upya. Kwa hiyo unahitaji viza ya kuingia nchi ambayo hukuwa na shughuli nayo. Wengi hawakwamii hata huko, wanakwama kwenye kaunta ya uwanja wa kwanza kabisa, kwa sababu shirika likimbeba abiria asiye na hati hutozwa faini na kumrudisha kwa gharama yake. Ndiyo maana yule wa kaunta anakagua pasipoti yako kwa makini hivyo. Nawasihi: usichukue tiketi mbili kabla hujaulizia viza.

Hatua ya 2: Nchi unayopitia ina utaratibu gani?

Kuna viwanja vinavyokuruhusu kubaki ndani bila kuonana na uhamiaji: Dubai, Doha, Istanbul, Addis Ababa, Singapore na vingine vingi. Ukishuka, fuata vibao vilivyoandikwa "Transfers" au "Connections". Usifuate "Arrivals", huko ndiko kwenye foleni ya kuingia nchini. Unakaguliwa usalama tena, unatafuta geti lako, basi.

Marekani ni kinyume chake. Kwa kawaida kila abiria anaingia nchini kwenye uwanja wa kwanza anaotua, hata kama anapita Miami kwa saa chache tu kuelekea Mexico. Mpangilio uko hivi: uhamiaji, kisha mkanda wa mizigo, kisha forodha na begi mkononi, kisha unalikabidhi begi kwenye kaunta ya mizigo ya kuunganisha iliyo karibu na mlango wa kutokea forodha, kisha ukaguzi wa usalama upya. Kwa hiyo unahitaji viza ya wapitaji iitwayo C-1, au viza ya matembezi uliyonayo tayari, au ESTA, yaani kibali kinachoombwa mtandaoni, kwa raia wa nchi zilizosamehewa viza. Ukipandia Dublin, Shannon, Abu Dhabi au baadhi ya viwanja vya Kanada, maofisa wa Marekani wanakukagua hukohuko kabla ya kupanda, na ukitua Marekani unashuka kama aliyetoka mji mwingine wa ndani.

Ulaya ya Schengen ndiyo inayochanganya watu zaidi, nitakaa hapa kidogo. Nchi 29 zinahesabiwa kama nchi moja upande wa uhamiaji. Ukitua Frankfurt kuelekea Madrid, uhamiaji unapita Frankfurt, na tangu Oktoba 2025 wageni wameanza kuchukuliwa alama za vidole na picha badala ya muhuri. Ndege ya Madrid ni ya ndani. Begi kubwa linapita forodha Madrid, lakini ulichobeba mkononi kinaweza kukaguliwa Frankfurt.

Ukipitia uwanja mmoja tu wa Schengen kwenda nje ya Schengen, unabaki ndani na huonani na uhamiaji. Hata hivyo raia wa Kongo (DRC), Somalia, Ethiopia, Eritrea, Nigeria, Ghana, Afghanistan, Bangladesh, Iran, Iraq, Pakistan na Sri Lanka wanatakiwa kuwa na viza ya kupita uwanjani, isipokuwa wenye vibali fulani vya ukaazi au viza za nchi zinazotambuliwa. Kila nchi inaweza pia kuongeza orodha yake. Mtego mkubwa zaidi ni huu: Paris, halafu Lisbon, halafu Brazil. Paris hadi Lisbon ni safari ya ndani, kwa hiyo umeingia Schengen, na viza ya kupita uwanjani haitoshi. Unahitaji viza kamili.

Uingereza nayo ina viza mbili za wapitaji: moja ya kubaki ndani ya uwanja, nyingine ya kuvuka uhamiaji na kuondoka ndani ya saa 48. Usiombe ya kwanza kama begi lako unatakiwa kulichukua mwenyewe.

Hatua ya 3: Soma lebo ya begi

Mhudumu akishafunga ile karatasi ndefu kwenye mpini wa begi, itazame kabla mkanda haujalichukua. Kuna herufi tatu kubwa, nazo ni za uwanja ambao begi litafikia: LHR ni Heathrow, JFK ni New York, FRA ni Frankfurt. Kama unakwenda Madrid na lebo inasema FRA, basi begi linaishia Frankfurt. Sema palepale. Kile kipande kidogo unachopewa, kitunze mpaka begi liwe mkononi. Kisha uliza kwa maneno haya haya: "Begi langu nalichukua wapi?" Kumbuka kwamba ukipitia Marekani, lebo inaweza kuonyesha mji wa mwisho na bado ukatakiwa kulichukua njiani.

Hatua ya 4: Muda, chupa na fedha

Mfumo wa tiketi unaweza kukuuzia nafasi ya saa moja na nusu kati ya ndege na ndege kwa sababu uwanja umeiruhusu. Mimi kwa kuingia Marekani sikubali chini ya saa tatu.

Manukato au kinywaji ulichonunua kwenye maduka yasiyotoza ushuru kiache ndani ya mfuko uliofungwa, pamoja na risiti. Pale unapolishika begi katikati ya safari, kitie humo kabla ya kulikabidhi, maana ukaguzi unaofuata unaweza kukataa chochote kinachozidi mililita 100. Fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 kuingia Marekani, au zinazofikia euro 10,000 kuingia Umoja wa Ulaya, zinatakiwa kutangazwa. Kuzibeba si kosa, kuzificha ndiyo kosa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji na ndege ya pili inakaribia kuondoka, nifanyeje?*

Ndugu yangu, usiruke foleni. Mwite mhudumu, muonyeshe pasi ya kupandia ndege. Viwanja vingi vina njia ya wenye muda mfupi. Ukiikosa na tiketi ni moja, nenda kaunta ya shirika moja kwa moja, usinunue nyingine kwa hasira.

*Nimefika kwenye mkanda, begi sioni. Niendelee na safari?*

Ripoti kabla hujatoka kwenye ukumbi huo, kwenye kaunta ya mizigo ya shirika. Toa kile kipande cha lebo, pewa namba ya ripoti, ndipo uendelee.

*Nina saa kumi na nne za kusubiri usiku. Naweza kutoka nikalale hotelini?*

Unaweza, dada, kama una ruhusa ya kuingia nchi hiyo. Begi kubwa mara nyingi halitoki nawe, hivyo dawa na nguo ya kubadili ziwe mkononi. Viwanja vingine vina hoteli ndani, kabla ya uhamiaji.

*Je, cheti cha homa ya manjano kinahusika hata kwa anayepita tu?*

Kinahusika. Nchi kadhaa hukidai kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, hata kama hakutoka nje. Tangu Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote, kwa hiyo cha zamani usikitupe kwa sababu tu kimeandikwa miaka kumi.